Sio jini, sio msukule, ni dawa

Usiku wa pili baada ya mdogo wangu, anayeumwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, kuchomwa sindano, shingo yake iligeuka. Sisemi aligeuza shingo, nasema iligeuka yenyewe, ikavutwa kushoto ikagoma hukohuko, macho yamepanda juu umebaki weupe mtupu, ulimi umekuwa mzito hata kuita "mama" hawezi. Mama akaanza kumsomea Ayatul Kursi. Jirani akachungulia mlangoni akasema si mnaona, tuliwaambia hii sio ya hospitali. Na mi ndo nilikuwa nimewashupalia wote twende hospitali, mi na elimu yangu, nikasimama pale nikaamini kwa dakika kama kumi hivi kwamba kweli ni jini.

Tukambeba kwenye bajaji. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, alimtupia jicho mara moja tu akauliza, "Huyu kachomwa haloperidoli lini?" Akamchoma promethazini, ile ile wanayopewa watu wa aleji, haikufika hata saa moja shingo ikarudi mahali pake, dogo akaomba maji. Nesi anafunga faili anatuuliza, kwani hamkuambiwa?

Hatukuambiwa. Na hapo ndo pana ugomvi wangu na watu wa afya ya akili, sina ugomvi na dawa yenyewe.

Maana kinachotokea kinajulikana vizuri kabisa. Dawa nyingi za skizofrenia, haloperidoli ikiwemo, zinafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, na kuizuia huko ndo kunapunguza sauti anazosikia mgonjwa peke yake na yale mawazo ya kwamba watu wanakufuatilia, sasa shida dopamini hiyo hiyo sehemu nyingine ya ubongo ndo inalainisha mwendo wa mwili, na dawa ikishaingia haichagui iende wapi. Ndo maana unaona mtu ana miaka 25 anatembea kama babu mwenye Parkinson, anaburuza miguu, mikono haichezi, uso umeganda, mate yanamtoka. Mtaani kwetu wakimuona wanasema kageuzwa msukule. Hili sio jambo jipya: kloropromazini, dawa ya aina hii hii, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952, haloperidoli ikatengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, na miaka ile ile madaktari waliliona. Tena kuna waliosema kukakamaa kidogo ndo dalili ya dozi kufika, wakawa wanampa mgonjwa kalamu aandike, wakiona mwandiko unasinyaa wanajua dawa imeingia. Fikiria hiyo. Miaka 70 wanajua halafu sisi tunapewa kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi, basi.

Ila shingo angalau inaonekana, hata mganga anaiona. Iliyotutesa zaidi ni ile ya kutotulia, madaktari wanaiita akathisia, na naomba nikae hapa kidogo.

Baada ya kama wiki mbili za dawa dogo akawa hakai. Anakula matonge matatu ya ugali anainuka. Kutoka kwenye tenki la maji mpaka geti, geti mpaka tenki, asubuhi mpaka watu wanalala, pale uani kukatokea kinjia kabisa, majani yameisha. Kwenye daladala alishuka vituo vinne kabla ya tunakokwenda kwa sababu hakuweza kukaa kwenye siti. Usiku tunasikia kandambili tu, pwa pwa pwa. Kliniki wakatusikiliza dakika tatu wakaandika bado anahangaika, wakaongeza dozi. Akazidi. Wakaongeza tena! Yaani dawa inamfanya ahangaike, anaonekana anahangaika kwa sababu ya ugonjwa, anaongezewa dawa. Siku hiyo akaniambia, "Dada, hii sio akili, ni miguu. Nasikia kama siafu wanatembea ndani ya mifupa." Na mi nilimjibu nini? Nikamwambia tulia, ni mawazo tu hayo. Hilo sijajisamehe mpaka leo, na ukijua kwamba hali hii inahusishwa na watu kutaka kujiua ndo unaelewa kwa nini.

Aliyetutoa hapo ni daktari kijana tuliyekutana naye kwa bahati, wa zamu. Hakuniuliza mimi, alimuuliza yeye: unatembea kwa sababu unataka au kwa sababu huwezi kukaa? Dogo akalia. Dozi ikashushwa, akaanzishiwa propranololi, hii ya watu wa presha, siku chache tu siafu wakapungua. Swali moja.

Artane, vidonge vya kutuliza madhara haya, nayo wengi tunaijua, inatolewa kama karanga. Kwa shingo na kukakamaa inasaidia kweli, kwa kutotulia haisaidii kivile, inakausha mdomo, inasahaulisha, na mtaani kuna vijana wanaitafuta ili walewe. Halafu kuna ile inayokuja baada ya miaka ya kutumia dawa, mdomo unatafuna peke yake, ulimi unatoka na kurudi, na hiyo, Artane inaweza hata kuizidisha. Kliniki yetu kuna mzee anatafuna hivyo, watoto wanamcheka eti babu ana bigijii. Hiyo ikishakaa inaweza isiondoke hata ukiacha dawa. Marekani waliidhinisha dawa zake mbili mwaka 2017, ila famasi zetu huku mi sijaziona.

Nimeshawahi kubishana na mhudumu mmoja kuhusu haya, akasema mkiambiwa yote hayo mtaogopa, mtaacha dawa. Sasa si ndo tuliacha! Ile ya shingo tu ilitosha mama kuficha vidonge kwenye kabati la vyombo wiki tatu, sauti zikarudi, tukamkuta dogo stendi hana viatu. Kwa hiyo usije ukanisoma hapa ukaenda kumwachisha mtu dawa ghafla, nimeona mwisho wake. Ninachodai ni dakika tano kabla ya sindano ya kwanza: shingo ikipinda njooni haraka, miguu isipotulia semeni, msimalize wiki. Na ukimsikia mgonjwa anasema ni mwili, mwamini kwanza. Mtu kuumwa skizofrenia hakumfanyi asijue miguu yake.

Siku hizi yuko kwenye olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia. Haimkakamazi kama ile, ila imemnenepesha balaa, suruali zote za zamani nimegawa, na bei yake nisiiseme. Kuna klozapini pia ambayo kwa mambo ya mwendo ndo ina nafuu kuliko zote, ila hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara maana inaweza kushusha chembe nyeupe, hatujafika huko.

Jumapili iliyopita tuliangalia mpira sebuleni, mimi, yeye na mama. Dakika 45 zote amekaa, anamtukana refa. Mapumziko akasimama, mi na mama tukaangaliana.

Alikuwa anaenda kukojoa.