Lile tone la kwenye karatasi mliona nini?

Juzi nimeshuka stendi ya Masasi nasubiri gari ya Newala, jua la saa nane, njaa inauma, nikasogea kwa bibi mmoja anachoma mihogo. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akanitazama, akageuza muhogo, akanitazama tena. "Wewe si ndo yule wa mradi, mlikuja kumtoboa kidole mjukuu wangu?" Nikacheka, nikasema eeh bibi una kumbukumbu wewe. Moyoni nikajua hapa napewa muhogo wa bure.

Akasema: "Kile kipimo cha mistari majibu mlinipa palepale, mkasema hana malaria. Sasa lile tone jingine mlilodondoshea kwenye karatasi mkaondoka nalo, mliona nini?"

Miaka minne imepita jamani. Bibi bado anasubiri majibu. Na mimi niliyesoma utabibu miaka mitatu nikasimama pale na muhogo mdomoni sina cha kujibu.

Maana ukweli ni kwamba hata mimi sikuwahi kujua. Nilikuwa mdadisi tu, mkusanya takwimu wa kuuliza watu maswali, nimemaliza chuo ajira hakuna, mradi wa utafiti wa malaria ukatangaza nafasi nikaenda, wakanipa kishikwambi, fulana na kofia, posho ya siku ilikuwa nzuri sitadanganya. Tunafika kijijini, tunamsomea mtu fomu ya ridhaa kurasa nne, Kiswahili cha mahakamani, "unaweza kujitoa wakati wowote bila kuathiri huduma unazostahili kupata", mtu mwenyewe zahanati yake haina hata dawa ya minyoo sasa huduma gani hiyo isiathirike? Anaweka dole gumba. Tunatoboa, tunauliza, tunaondoka. Kwenye fomu kuna namba ya kupiga ukiwa na swali. Nani amewahi kupiga ile namba?

Nilivyofika nyumbani nikamtafuta bosi wangu wa enzi zile (mradi siutaji, na bosi ni mtu mwema tu kusema kweli). Akanijibu vizuri, kwamba zile karatasi za chujio zilipelekwa maabara kuangalia vinasaba vya vimelea, kama vimeanza kuizoea dawa ya mseto ya malaria, na kila karatasi ilikuwa na namba tu haina jina, kwa hiyo majibu ya mtoto mmoja mmoja hayapo. Nikaelewa, na kwa shingo upande nakubali kwamba hapo hana kosa. Nikamuuliza, haya, na ya kijiji? Akasema kwa vijiji vile hawakuona cha kutisha, mseto ulikuwa unafanya kazi.

Sentensi moja hiyo! Mseto kwenu unafanya kazi, mpeni mtoto dozi yote mpaka iishe. Huko Kagera wameshaona vimelea vyenye mabadiliko vinavyochelewa kufa kwa dawa hiyohiyo, kwa hiyo hii siyo habari ya kumfungia mtu kabatini. Kwa miaka minne hakuna aliyeona umuhimu wa kwenda kuisema kwenye mkutano wa kijiji, dakika tano tu kabla mwenyekiti hajaanza habari za michango. Ila kikao cha mrejesho kilifanyika, tena kikubwa, hotelini mjini, chai na sambusa, watu wa kutoka Dar. Mrejesho! Umerejeshwa kwa nani?

Wazee wetu zamani waliogopa mumiani, na sisi wasomi tunawacheka sana kwenye semina. Mtu anakuja na gari asiyemjua mtu, anachukua damu, anaondoka nayo, harudi. Wewe ungemwitaje?

(Afu huku kwetu ndo inauma zaidi. Chikungunya, ule ugonjwa unaosumbua mpaka Brazili, ulitambuliwa huku kwenye uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952, na jina ni la Kimakonde, habari ya mtu kukunjamana kwa maumivu ya viungo. Dunia nzima inatamka neno letu na bibi wa Masasi hajui damu ya mjukuu wake imesema nini.)

Lakini kilichonifanya niandike hapa sio bibi peke yake, ni sista mmoja. Kwenye kijiji kilekile kulikuwa na nesi wa zahanati, yuko mwenyewe na mhudumu mmoja, anazalisha, anachanja, anaandika vitabu vya MTUHA, vile vya serikali vya taarifa za wagonjwa, mpaka saa tatu usiku. Huyu mama alikuwa na daftari lake la mistari, lile la shilingi mia tano, nje ya MTUHA. Alikuwa ameona kitu: mvua zikikolea watoto wenye malaria wanaongezeka, sawa, hilo kila mtu anajua, ila yeye akaanza kuwauliza akina mama swali lake mwenyewe, jana mmelala wapi? Na wengi waliokuja na watoto wanachemka walikuwa wamelala shamba. Msimu ule familia nzima zinahamia kwenye madungu, vile vibanda vya shambani, kulinda mpunga na mahindi, mchana ngedere usiku nguruwe, na chandarua kimebaki nyumbani kimefungwa juu ya kitanda kinamlinda nani sijui. Akawa anaweka alama, nyumbani mstari, shamba msalaba. Misimu miwili alikuwa ameshahesabu.

Sasa sisi na vishikwambi vyetu tulikwenda lini? Kiangazi. Kwa nini kiangazi? Kwa sababu barabara inapitika. Dodoso linauliza, usiku wa kuamkia leo ulilala kwenye chandarua? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, asilimia nzuri mpaka raha, kwa sababu kiangazi kila mtu amelala kwake!

Sista akamfuata kiongozi wa timu na daftari lake. Akamwambia kistaarabu kabisa, jamani mngekuja Februari. Jamaa akalifungua, akaangalia zile alama, akasema asante sista ila hiyo iko nje ya protokali, yaani mpango wa utafiti. Nilikuwepo. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha kumpendezesha bosi, na hicho kicheko ndo kinachonisumbua kuliko hata swali la bibi.

Yule mama alikuwa na swali, alikuwa na njia ya kulijibu, alikuwa na takwimu za misimu miwili kutoka kwa watu anaowajua kwa majina. Mtafiti ni nani kama sio huyo? Tatizo hakuna aliyemfundisha afanye nini na lile daftari. Vyuo vyetu vinamfundisha mtu kujaza MTUHA, kujumlisha, kutuma juu ifikapo mwisho wa mwezi. Kusoma alichojaza mwenyewe hafundishwi. Mimi utafiti nilifundishwa kama somo la kufaulia, sura ya kwanza utangulizi, sura ya pili waliyosema wengine, nikanakili ya kaka wa mwaka wa juu yangu nikapata B. Tumemchukua mtu anayeona wagonjwa kila siku tukamfanya karani, afu tunakodi vijana kama mimi wasiojua hata njia ya kwenda kisimani waje kumuulizia watu wake maswali.

Na msiniambie haiwezekani. Marehemu Dk. Godfrey Mbaruku alikuwa hospitali ya mkoa Kigoma, miaka ya 80, Kigoma ile ya treni siku mbili tatu kutoka Dar. Wakina mama wanakufa kwenye uzazi. Wakachambua vifo vyao wenyewe, wakaweka hatua 22, zile za nidhamu ya kazi, kufundishana palepale kazini, kutumia vilivyopo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vikashuka kutoka 933 mpaka 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Ikachapishwa, dunia ikasoma, na yeye baadaye akaingia kwenye utafiti moja kwa moja kule taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara. Kigoma bwana! Walianza na mafaili ya wodini kwao.

Na hiyo Ifakara yenyewe, Waswisi walivyoweka maabara 1957, mwaka 1961 wakaanzisha na shule ya wahudumu wa tiba wa vijijini, maabara hapa, darasa hapo. Mtaniambia ulikuwa ukoloni na hela za viwanda vya Basel, sawa, ila hilo la kuviweka karibu walipatia.

Sisemi utafiti mkubwa haufai, msinielewe vibaya. Klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani iliyokuwa inatuwasha mwili mzima, isingeondolewa 2001 bila watu kukaa na kuhesabu ilivyokuwa inashindwa, na chanjo ya malaria ambayo WHO waliipitisha 2021 ilijaribiwa kwenye mikono ya watoto wa Bagamoyo na Korogwe. Nimekubali, tuendelee. Nyumba za watumishi vijijini nazo ni aibu lakini hilo tutakuja kugombana siku nyingine. Na hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 waliotangazwa 2024, wawili kila kitongoji, naomba tu wasigeuzwe wajaza fomu 137,294.

Jana nimempigia yule sista. Bado yuko palepale. Nikamuuliza daftari vipi, akacheka, akasema lilijaa, ameanza jingine, na safari hii ameongeza alama ya tatu kwa wale wanaobeba chandarua kwenda nacho shamba. Nikamwambia sista naomba nije tukae tuzihesabu pamoja. Akasema njoo, ila njoo Februari, na uje na gamubuti.

Kabla ya hapo inabidi nipite Masasi, yule bibi anauza mpaka saa kumi na moja.