Apone kwanza, au kazi kwanza?

"Mwacheni apone kwanza, kazi zipo tu." Hapa Mbeya nimeisikia kauli hii kwenye familia nyingi zenye ndugu anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na siibezi. Anayeisema mara nyingi ndiye aliyekesha naye usiku aliposikia sauti.

Hofu yake ina msingi. Klopromazini, moja ya dawa za ugonjwa huu, huleta usingizi mzito na hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mtu huyo atachumaje chai Rungwe mchana kutwa? Haloperidoli, dawa nyingine, inaweza kumtetemesha mikono, na chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kliniki nayo inakuwa siku ya kukosa hela. Akipiga hesabu hiyo, kinachoachwa ni dawa.

Ila kusubiri nako kunamla mtu. Ugonjwa huu huanza zaidi ujanani, wakati wenzake wanajenga na kuoa. Tangu miaka ya 1990, kuanzia Marekani, majaribio mengi yamelinganisha kumfunza mtu kwanza ndipo atafutiwe kazi, na kumpeleka moja kwa moja kwenye kazi aliyoichagua mwenyewe, mtaalamu akiendelea kumsaidia akiwa kazini. Njia ya pili imewapatia ajira watu wengi zaidi. Lakini nisipambe: ubora wa maisha haukupanda kila mahali. Naamini tofauti iko kwenye kazi yenyewe, na hela inaishia mkononi mwa nani.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nzuri, ila wengi wetu huku tunaishi kwa vibarua. Kwetu, wa kuzungumza naye kwanza ni ndugu. Jaribio la KUPAA, utafiti wa kuwasaidia wenye ugonjwa huu uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, liliwakalisha wagonjwa na ndugu zao pamoja, na nadhani ndipo pa kuanzia.

Kijana mmoja ninayemfahamu Uyole anachambua viazi: vikubwa huku, vya mbegu kule. Hana haraka, na hakosei. Kwa muda mrefu ujira wake ulipokelewa na kaka yake, "asije akaupoteza." Walipokaa wakaelewana alipwe mwenyewe, alinunua mabuti ya mvua, kisha akapeleka rambirambi kwenye msiba wa jirani. Nililiona jina lake daftarini, kati ya majina ya wanaume wengine wa mtaa. Sindano yake ya kila mwezi hajaikosa. Siku hiyo tajiri wa viazi humwekea nafasi yake.