Adabu ya mtutu: Houston na kwetu

Jirani wa Houston, jimbo la Texas, akishakuzoea atakualika kula nyama choma, halafu atakualika kwenda kulenga shabaha. Kwenye nyama, tusidanganyane, bado hawajatufikia. Kwenye shabaha kuna kitu wametuzidi.

Angalizo kwanza kwa mlioko huku kwa viza ya masomo: sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenu hata kushika silaha, labda uwe na leseni ya uwindaji, na kukodi kwa dakika chache nako ni kushika. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kikwazo hicho.

Kwenye ukumbi wa kulengea shabaha, mimi nilikodi rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya Smith & Wesson ya .357 Magnum. Nilionyesha kitambulisho, nikasaini, nikavaa miwani na kuziba masikio mara mbili, kwa vya kuchomeka na vya kufunika juu yake. Msimamizi akanipa risasi za .38 Special, kwa sababu bastola ile inazikubali na hazina teke kali. Kisha akakirudisha nyuma kidole gumba changu: kati ya silinda na mtutu pana upenyo, na gesi ya moto inayotokea hapo hukata nyama. Ukivuta triga hivihivi ni nzito mpaka mkono unatetemeka. Ukirudisha nyundo kwanza, unagusa tu na mlio umeshatoka.

Lakini kilichonikaa ni nidhamu ya mle ndani. Mtutu hautazami popote ila kwenye shabaha. Kidole hakikai kwenye triga kabla ya kulenga. Ikipigwa kelele ya kusitisha, kila mtu anaweka silaha mezani, silinda wazi, anarudi nyuma ya mstari, tajiri kwa maskini.

Sasa nenda benki kwetu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kupata leseni ni safari. Lakini mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, bunduki kuukuu kailaza mapajani, mdomo wake unawatazama matumbo waliopanga foleni ya ATM. Unapita mbele yake, “Shikamoo mzee,” unaingia. Na askari aliyepakiwa kwenye bodaboda na SMG, mtutu unamchungulia kila anayewafuata nyuma! Tumezoea.

Msinielewe vibaya, Texas yenyewe siitamani. Nidhamu ile inaishia mlangoni. Tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi asiyezuiwa na sheria anatembea na bastola hadharani bila kibali. Na pale tulipokwenda, asiye na silaha yake hakodishiwi akija peke yake, kwa kuhofia aliyekuja kujiua. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua.

Kwa hiyo wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaotaka leseni zilegezwe nyumbani, mimi simo. Ukali wa leseni ubaki. Ila kampuni ya ulinzi inayomkabidhi mzee wa watu bunduki ilazimishwe kumfundisha kuishika, na meneja wa benki akikuta mdomo wa bunduki umeelekea foleni, amwondoe lindoni siku hiyohiyo.