Kizima Moto Changu Kilivyowasha Moto Nyumbani

Friji letu sikuliua kwa makusudi. Barafu ilikuwa imejaa kwenye frizi hadi mlango haufungi, mke wangu akasema nizime nisubiri iyeyuke, mimi nikaona kusubiri ni kazi ya wavivu. Nikachukua kisu. Pigo la nne likaitikiwa na "fsssss", na fundi alipokuja hakumaliza hata dakika mbili: nimetoboa bomba la ndani, gesi yote imekwenda.

"Ila kompresa nzima kabisa," akasema, nadhani kwa nia ya kunifariji.

Kauli hiyo ndiyo iliyoniponza. Usiku sikulala. Kompresa ni nini kama si pampu? Inavuta huku, inasukuma kule. Badala ya gesi nitaipa hewa, nitaiunganisha na mtungi, na pampu ya mkono ya kujazia matairi sitaishika tena maisha yangu yote. Asubuhi nikampigia fundi kumweleza. Akanyamaza kidogo.

"Itafanya kazi, bosi, ila itatapika mafuta. Kwenye friji mafuta yanazunguka na gesi, yanarudi. Wewe unayatoa nje, yatarudi vipi?"

Nikamshukuru, nikakata simu, na habari ya mafuta ikaishia hapohapo.

Kuing'oa kulinichukua nusu siku na ngozi ya vidole viwili. Ilikuwa na mabomba matatu ya shaba. Nikaiwasha na kuweka kidole kwenye kila moja: mawili yanavuta, moja linapuliza. (Mojawapo ya yale mawili ni la kujazia gesi, unaliziba, basi.) Tatizo ni kwamba kabla ya jaribio hilo nilikuwa nimeigeuza kichwa chini, sebuleni, nisome maandishi yaliyobandikwa tumboni. Kama kikombe kizima cha mafuta kikaingia kwenye zulia. Nikaweka kiti juu ya doa. Kiti kile kilikaa katikati ya sebule wiki nzima, na kila mtu alipotaka kukisogeza nilikikalia.

Mtungi nilioupata ulikuwa kizima moto cha zamani cha unga. Kilikuwa hakina presha, nikakifungua, nikamwaga unga wa manjano uliomo. Nikafikiria kukiosha, nikaogopa kutu, nikakikung'uta tu. Sasa, unga ule umetengenezwa usigande, utiririke kama maji hata ukikaa miaka. Uliobaki kwenye pembe ulikuwa umetulia, unanisubiri.

Geji yake niliiacha ilivyo. Haina namba, ina rangi: nyekundu, kijani, nyekundu. Nikajiambia kijani ni kijani. Kumbe kijani cha kizima moto cha aina ile ni kama paundi 195, wakati tairi la gari dogo linaridhika na 32 hivi. Valvu ya usalama sikuweka. Mtungi haukupasuka, na sina maelezo ya kwa nini haukupasuka.

Siku ya uzinduzi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipita na baiskeli yenye tairi la nyuma laini. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi, shati jeupe, mikunjo ya mikono imesimama kama wembe.

"Shemeji, naomba pampu mara moja."

"Pampu ya nini, shemeji? Kaa hapo."

Nikawaita mke wangu na binti yetu washuhudie. Nikachomeka plagi. Mashine ikanguruma taratibu kama friji, kwa sababu ilikuwa friji. Dakika tano. Dakika nane. Mshale wa geji unapanda kama mzee anayepanda ngazi, shemeji anatazama saa. Kompresa imepata moto kiasi ungeweza kupigia pasi shati jingine. Mshale ulipogusa ukingo wa kijani, ikalia "tak!" ikazima.

"Imejizima yenyewe," nikatangaza. "Ina akili."

Haikuwa akili. Pembeni mwa kompresa kuna kidude kidogo kinachokata umeme joto likizidi, na kikipoa kinaurudisha chenyewe. Shikeni hapo penye kuurudisha.

Nikampa shemeji ncha ya mpira achomeke kwenye tairi, nikafungua koki. Mpira ulimponyoka hata kabla hajainama. Ukasimama wima, ukamtazama, halafu ukaanza kucheza uani kama nyoka aliyekanyagwa. Kwanza likatoka wingu la manjano. Kisha yakaja mafuta, ukungu mwembamba tu, kazi yake ikawa kuugandisha ule unga popote ulipotua. Mpira ulipochoka tulikuwa watu wanne tumesimama kama vifaranga waliototolewa sasa hivi. Nguo zilizoanikwa kwenye kamba, sizisemi.

Hakuna aliyenena. Mimi, nikijifanya mtaalamu, nikachomoa bomba la shaba pale linapoingia mtungini, nikapiga magoti nichungulie kama limeziba. Plagi sikuichomoa.

Tak.

Miwani ndiyo iliyoliokoa jicho langu. Mafuta ya vuguvugu yalinichora mstari kutoka kidevuni hadi kwenye nyusi, yakaendelea kutemwa kidogokidogo, pff, pff, pff, hadi mke wangu alipotembea taratibu hadi ukutani na kuchomoa plagi kwa vidole viwili.

"Shemeji," yule kijana akasema kwa adabu zake zote, huku kope zake zikiwa njano, "ile pampu ya mkono bado ipo?"

Ilikuwepo. Tairi lilijaa kwa mikupuo kama arobaini. Akaondoka na shati langu, ambalo lingeweza kumbeba yeye na mmoja wa wasaili wake.

Mke wangu alibaki ananusa mkono wake. Akanusa tena. Akageuka kutazama mlango wa sebuleni.

"Baba watoto, kile kiti pale katikati, hebu kakitoe."