Rumala ya pamba inatosha

Mgeni akiingia gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iwe Amritsar kule India au hapa kwetu Makindu kwenye barabara ya Mombasa, macho yake huvutwa kwanza na vitambaa. Juu kumetandazwa chandarua, yaani paa la kitambaa. Chini yake pana kitanda kidogo chenye mito, na juu ya mito kitu kilichofunikwa kwa satini yenye pindo la dhahabu. Wageni wengi huniuliza mapambo yale ni ya sikukuu gani. Hakuna sikukuu. Ndivyo ilivyo kila siku.

Watu wa pwani wanaelewa upesi nikiwaeleza, kwa sababu wanajua kuuvika Msahafu kitambaa safi na kuuweka juu ya marufaa. Kwetu sisi Masingasinga jambo hili limekwenda mbali zaidi. Mwaka 1708, huko Nanded, Guru Gobind Singh, wa kumi katika Maguru, walimu wetu wa kiroho, alitangaza kwamba baada yake hakutakuwa na Guru wa mwili tena, na kwamba Granth, kitabu chetu kitakatifu, ndiyo Guru. Tangu hapo Guru Granth Sahib, yenye kurasa 1,430, huhudumiwa kama mtawala aliyeketi barazani. Chandarua ni kivuli cha enzi yake. Anayepunga usinga wa nywele za yaki anafanya kazi ya mtumishi wa mfalme. Rumala, yaani vile vitambaa vya kufunikia, ni mavazi yake. Alfajiri hufunguliwa, usiku hufungwa, ikabebwa kichwani na kulazwa chumbani kwake. Kule Punjab, majira ya baridi yakifika, huongezewa nguo nzito.

Ukitaka kuona maana ya rumala, tazama mikono ya granthi, msomaji na mtunzaji wa Granth, anaposoma. Haiachi kurasa mbili zote wazi. Vitambaa vyembamba hukaa juu ya sehemu asiyoisoma, na kadiri macho yanavyoshuka, mkono husogeza kitambaa taratibu, bila kukwaruza karatasi. Kisomo kikiisha, hufunika kwanza vile vidogo, kisha kile kikubwa juu yake, halafu hunyoosha pembe kwa viganja. Kwa kazi hiyo panatakiwa kitambaa laini, chepesi, kinachofulika.

Sasa njoo stoo. Katika gurdwara moja niliyowahi kuhudumu, makabati yalijaa rumala ambazo hazijawahi kufunguliwa, zingali ndani ya plastiki za dukani. Nyingi zilikuwa za poliesta, zimeshonewa vimetameta na shanga za plastiki, ngumu kama kadibodi. Shanga zile hunasa kwenye ukingo wa karatasi na vimetameta hudondokea juu ya maandishi. Hazifuliki mara mbili. Na haziwezi kutupwa hivi hivi, kwa kuwa zimetolewa kwa Guru. Kwa hiyo hukaa, na wiki inayofuata familia nyingine huleta seti nyingine, kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya harusi au marehemu wao.

Hili linaniuma, kwa sababu dini yetu ilianza kwa kuuliza swali gumu kuhusu nguo. Guru Nanak, Guru wetu wa kwanza, akiwa bado mtoto, aliletewa uzi mtakatifu ambao wavulana wa tabaka lake walivishwa. Aliukataa. Maneno yake yamo katika Asa di Var, utenzi wa Granth unaoimbwa asubuhi: huruma iwe pamba, kuridhika kuwe uzi, kujizuia kuwe fundo, ukweli uwe msokoto. Uzi wa namna hiyo haukatiki wala hauchafuki. Mtoto aliyesema hivyo hakuwa na ugomvi na pamba. Aliwakataa wale waliofikiri kwamba kitambaa peke yake kinaweza kumpa mtu heshima mbele ya Mungu.

Tena ndani ya Granth hiyo hiyo wamo watu walioishi kwa vitambaa. Kabir alikuwa mfumaji wa Varanasi. Namdev wa Maharashtra alitoka katika jamii ya washonaji na wapiga chapa wa vitambaa. Kwa watu wa matabaka ya juu wa enzi hizo, watu kama hao hawakustahili hata kukaribia madhabahu. Leo maneno yao ndiyo yanayofunikwa kwa rumala, na kila anayeingia huyainamia. Mimi huwaza mfumaji yule angesema nini akipewa poliesta yenye vimetameta aishike kwa vidole vyake.

Wapo watakaonijibu kwamba aliye na uwezo amtolee Guru kilicho bora. Nakubali kwa moyo wote. Lakini mwongozo wetu wenyewe, Sikh Rehat Maryada, unataja shuka safi, mito, rumala, chandarua na usinga, basi. Hautaji dhahabu. Wala si jambo geni kurudisha kitambaa kwenye mstari. Nishan Sahib, bendera ya kila gurdwara, ilikuwa kwa miaka mingi imezoeleka kuvikwa rangi ya zafarani, hadi Julai 2024 SGPC, kamati inayosimamia magurdwara ya Punjab, ilipoagiza kwamba rangi ziwe zile za mwongozo: basanti, ambayo ni njano, au surmai, buluu iliyoingia kijivu. Watu walibadilisha. Sherehe ya Vaisakhi, mlingoti ulipolazwa na kuvuliwa nguo ya zamani, ukavikwa mpya, haikupungua utamu wake hata kidogo.

Basi rumala nazo zinaweza kubadilishwa. Kabla ya kununua, familia imuulize granthi kinachohitajika; pengine mwaka huu ni shuka za kulalia tu. Kama ni rumala, iwe ya pamba, na mkono wa nyumbani uikunje pindo na kuitia darizi, hata kama mshono utapinda. Bibi zetu waliofuata waume zao waliokuja na kazi ya reli walishona za kwao. Fedha itakayobaki iende jikoni, kwenye langar, chakula cha bure cha gurdwara, ambako yeyote anayesimama Makindu njiani kuelekea Mombasa hula bila kuulizwa dini, na ambako unga na dengu huisha kila siku.