Wasifu wa Baba Mkubwa Haukuishia Kampala

Wiki iliyopita tulimzika baba mkubwa wangu, askari mstaafu wa JWTZ na mpiganaji wa Vita vya Kagera, na tangu tulipotoka makaburini nina hasira ambayo haijapoa. Wasifu wa marehemu uliosomwa mbele ya waombolezaji ulieleza alivyojiunga na jeshi, alivyopandishwa vyeo, alivyovuka mto Kagera na alivyoingia Kampala. Kisha msomaji akageuza karatasi na kumalizia kwamba marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Kadhaa! Hata kuwahesabu kulikuwa kazi.

Sina ugomvi na heshima za kijeshi. Idi Amin alipoivamia ardhi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978 na kudai kwamba mpaka wake sasa ni mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa, walioitwa walikwenda. Mwalimu alipotangaza mwanzoni mwa Novemba kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, uwezo wenyewe ulikuwa miguu ya vijana kama baba mkubwa, waliotoka Mutukula hadi Masaka, na Masaka hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wenzao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, na kila tarehe 25 Julai taifa linapowakumbuka mashujaa wake linatenda haki. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba kama si jeshi kuleta askari na bendera, huenda hata huo wasifu usingeandikwa.

Lakini vita vile havikufika hata mwaka mmoja. Miaka zaidi ya arobaini iliyofuata ndiyo iliyorukwa. Aliporudi alikuta nchi imekwisha kuishiwa, maduka ya kaya yana rafu tupu, na sabuni imekuwa kitu cha kuamkia foleni. Alipanga foleni. Mtu aliyeingia Kampala na bunduki alisimama nyuma ya akina mama akisubiri zamu yake, hakuvaa sare ili apishwe, na alirudi na unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, pamoja na mche wa sabuni, ambao aliukata vipande kwa uzi ili ufike mwisho wa mwezi. Sisi watoto tuliununia ule ugali. Yeye alikula wa mwisho, na hatukuwahi kumsikia akisema neno.

Kila Jumapili jioni alitia makaa kwenye pasi, akaijaribu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akanyoosha sare za shule za watoto wote, wa kike kwa wa kiume, marinda ya sketi yakijipanga kama gwaride. Jivu lilipodondoka kwenye kola nyeupe hakulipangusa kwa mkono, alilipuliza, kwa sababu ukilipangusa linaacha doa. Huo ndio ujuzi niliomwona nao. Habari za vita alipoulizwa, alitaja majina ya wenzake waliobaki huko, na basi.

Mama mkubwa alipopata kiharusi, mzee huyu, akiwa tayari amestaafu, alijifunza kusuka. Alianza vibaya, mistari ikaenda kombo, binti zake wakacheka mpaka machozi, naye akafumua na kuanza upya, kwa kuwa hakutaka wageni wamkute mkewe nywele timtim. Yule mjane aliyetajwa kwa neno moja alikuwa ameketi mstari wa mbele, na mistari kichwani mwake ilikuwa ya mkono wa mumewe.

Wapo wapiganaji waliorudi na vyeo vilevile, lakini watoto wao walikuwa wakijificha wakisikia hodi. Wasifu wao ungesomwa neno kwa neno kama huu, na hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia: tunaandika kwa namna ambayo baba mwema na baba dhalimu hawatofautiani hata kwa mstari mmoja.

Nimekwisha kujibiwa kwamba mambo ya pasi na foleni ni ya ndani, hayafai kusomwa mbele ya viongozi. Kumbe yanayofaa ni yale tu yenye nyaraka. Jeshini alikula kiapo, akaamriwa, akalipwa mshahara na kiinua mgongo. Kusuka nywele za mgonjwa hakuna aliyemwamuru wala kumlipa, na angeweza kabisa kuacha, kama wengi walivyoacha, na bado angepigiwa saluti kaburini.

Arobaini inakaribia. Nimeiomba familia wasifu uandikwe upya, na safari hii waandike binti zake badala ya kamati. Mwenyekiti wa kamati ameuliza kama utaweza kubanwa katika ukurasa mmoja. Binti mkubwa amemjibu kwamba ukurasa mmoja unatosha kabisa kwa vita.