Jogoo wa mnada na bati za wageni

Wageni kutoka Ulaya au Marekani wakiahidi kuezeka kanisa la kijijini huku Muheza, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema zama za misheni zimepita, tujitegemee. Mwenzake atamjibu: jitegemeeni, mvua ikinyesha mtasalia wapi?

Huyu wa pili ana hoja nzito. Wamisheni wa Kianglikana walianza Magila, humu humu Muheza, mwaka 1868, mwaka ule ule Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wakatoliki, walipovuka kutoka Unguja kwenda Bagamoyo, na shule na tiba walizoleta ziliendeshwa kwa fedha za ng'ambo. Hospitali Teule ya Muheza ina mizizi yake humo. Mayai ya sadaka yasingeijenga.

Ila mayai hayo yanadharauliwa na watu wasiokaa mpaka mwisho wa ibada. Ibada ikiisha watu hutoka nje kwenye mnada, na asiye na fedha ameleta alichonacho: machungwa, mhogo, mkungu wa ndizi, jogoo. Mzee wa kanisa ananadi. Tuseme jogoo amekwenda kwa shilingi 15,000. Aliyemnunua anasema, "Namrudisha kanisani." Ananadiwa tena, anafika 10,000, na mnunuzi wa pili anampelekea bibi mmoja mjane. Jogoo mmoja kaingiza 25,000 na bado anawika! Mgeni anacheka na kupiga picha. Mimi hapo naona hesabu isiyohitaji mkaguzi: watoto wamesikia kilichoingia, kwaya imesikia, hata jirani Mwislamu aliyekuja kununua ndizi zake (ndizi hazina dini) amesikia.

Fedha ya wageni haina kelele hiyo. Inapita benki, na wanaojua kiasi chake ni wawili watatu. Huenda hakuna aliyegusa hata senti, lakini nani atajuaje? Kuna kanisa la mtaa mmoja ninalolifahamu lililoezekwa hivyo. Mnada wake ukaanza kunywea. Mwaka wa pili upepo ukang'oa bati chache, kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye ngazi, na waumini wakakaa wanasubiri barua ya wageni. Mama mmoja aliniambia, bila kejeli yoyote, "Wenyewe watakuja." Wenyewe! Na yeye ndiye aliyesomba mchanga wa msingi.

Wala si kweli kwamba misheni ya zamani ilikuwa kazi ya Wazungu peke yao. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa Kiafrika waliotolewa utumwani, ambao Sultani wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo ya Kianglikana mwaka 1864, alikuwa shemasi ilipofika 1879. Mwafrika mwingine, Cecil Majaliwa, alipata upadri mwaka 1890. Na huko vijijini, aliyefundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) jioni na kuzika wafu masika alikuwa mwalimu wa hapo hapo, mwenye shamba lake la mahindi linalomngoja. Picha za ukumbusho zinamweka pembeni, kama yumo.

Kwa hiyo bati zije, sina ugomvi nazo. Ila kiasi kilicholetwa kitangazwe nje baada ya ibada, kwa sauti ile ile inayonadi jogoo, na bei ya kila bati itajwe. Mwenye swali aulize, hata kama mgeni hajamaliza soda yake.